Mtoto wangu hana VVU, mbona anachelewa kuongea?

Mama mmoja wa Mbagala ameniandikia barua ndefu, naifupisha. Anaishi na VVU tangu mwaka 2017, anameza dawa kila siku bila kuruka, na kipimo chake cha mwisho kilionyesha virusi vimefubaa hadi havionekani. Mwanawe wa kiume ana miaka miwili na miezi minne. Alipimwa akiwa na wiki sita, akapimwa tena na miezi tisa, kisha miezi 18, na mara zote tatu majibu yalisema hana maambukizi. Aliacha ziwa alipotimiza miaka miwili. Alitembea akiwa na mwaka na mwezi mmoja, anapanda viti, anavunja vikombe, ila maneno yake hayafiki kumi. Sikio la kushoto limewahi kutoa usaha mara mbili. Wakatia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, likakauka. Mchana anashinda na dada wa kazi na katuni. Wifi yake, ambaye anaijua siri ya nyumba, amemwambia kwamba hizo dawa ndizo zilizomfunga mtoto ulimi. Sasa mama ana ujauzito wa miezi minne na anauliza mambo mawili: kilichomchelewesha mtoto ni virusi au ni dawa? Na je, apumzishe dawa mpaka ajifungue?

Marahaba, mama, na pole kwa mawazo. Nianze na swali la pili, kwa kuwa hilo halingoji.

Usiache dawa. Usipunguze, usiruke siku, usisubiri "mpaka nijifungue". Dawa zikikatika, virusi vinarudi kwenye damu ndani ya wiki chache, na vinarudi wakati mtoto aliye tumboni hana kinga nyingine zaidi ya vidonge hivyo unavyomeza wewe. Mama mwenye VVU asipopata huduma yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kujifungua au kwa kunyonyesha ni asilimia 15 hadi 45. Akipata huduma kamili unashuka chini ya asilimia 5. Na kwa mama kama wewe, aliyekuwa kwenye dawa kabla hata ya kushika mimba, hali ni nzuri kuliko hapo. Ufaransa waliwafuatilia watoto 2,651 waliozaliwa kati ya mwaka 2000 na 2011, ambao mama zao walianza dawa kabla ya ujauzito, hawakuziacha, na siku ya kujifungua virusi vilikuwa havionekani kwenye kipimo. Hakuna hata mtoto mmoja aliyeambukizwa tumboni wala wakati wa kuzaliwa. Wale hawakunyonyesha, kwa hiyo takwimu hiyo usiipeleke kwenye ziwa. Ziwa nitalifikia.

Hofu ya wifi yako haikuanguka kutoka mbinguni, na mimi sipendi kuwacheka watu kama yeye. Mwaka 2018 watafiti wa Botswana walitoa tahadhari kuhusu dolutegraviri, dawa ambayo leo imo ndani ya kile kidonge kimoja ambacho wengi wenu mnameza. Katika wanawake 426 walioshika mimba wakiitumia, watoto wanne walizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo, idadi kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Habari ikasambaa dunia nzima kwa siku chache. Kilichosambaa polepole ni mwendelezo wake: Botswana waliendelea kuhesabu, mimba zikafika maelfu, na kiwango cha kasoro kikashuka mpaka hakikuwa na tofauti ya maana na cha wanawake wengine. Isitoshe, kasoro ile ni ya sehemu ambayo hufunga ndani ya mwezi wa kwanza wa mimba. Haihusiani na mtoto anayekimbia, anayepanda viti na ambaye bado hajaunganisha maneno mawili.

Sasa nataka urudi kwenye barua yako. Umeandika kwamba kipimo cha mwisho kilifanyika akiwa na miezi 18, na kwamba aliacha ziwa akiwa na miaka miwili. Zisome sentensi hizo mbili kwa pamoja. Katikati yake kuna miezi sita ya kunyonya ambayo hakuna kipimo kilichoiangalia. Mtoto wa mama mwenye VVU hahesabiwi kuwa amevuka mpaka apimwe baada ya kuacha ziwa kabisa, kisha muda fulani upite, ili kama kuna maambukizi ya mwishomwishoni kipimo kiweze kuyaona. Yeye ameacha miezi minne iliyopita, kwa hiyo muda huo umeshapita. Nenda CTC, yaani kliniki yako ya VVU, wiki hii na umwambie muuguzi: "Mwanangu alinyonya hadi miaka miwili, naomba kipimo cha kumaliza." Kwa umri wake ni kile cha kidole, majibu unayapata hapohapo.

Sikuambii haya ili ukose usingizi. Mama mwenye virusi vilivyofubaa akinyonyesha, uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni chini ya asilimia moja. Lakini VVU vikiingia kwenye ubongo wa mtoto mdogo, huonekana mara nyingi kama kuchelewa, au kama kusahau alichokuwa ameshakijua: alikuwa anasema neno, kaacha, alikuwa anasimama vizuri, miguu imekakamaa. Mwanao hana dalili hiyo ya kurudi nyuma kwa jinsi ulivyomweleza. Hata hivyo siwezi kukaa hapa nikujibu kuhusu mtoto "asiye na VVU" wakati kipimo kimoja bado.

Tuseme kipimo kimetoka safi, kama ninavyotarajia. Je, kukutana na virusi tumboni, bila kuambukizwa, kunaweza kumgusa mtoto? Jibu la kweli ni kwamba kunaweza, kidogo, na kwa baadhi ya watoto. Duniani wapo watoto karibu milioni 16 wa aina ya mwanao, waliozaliwa na mama wenye VVU na wenyewe hawana, na kwa miaka mingi tulikuwa tukiwatoa kwenye daftari siku wanapopata majibu mazuri, kana kwamba safari imeisha. Afrika Kusini, katika mji wa Paarl karibu na Cape Town, waliamua kuendelea kuwafuatilia. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2019 yalionyesha kuwa walipofika miaka miwili watoto hao walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuchelewa kwenye lugha, kuielewa na kuitamka, ukilinganisha na watoto wa jirani ambao mama zao hawana VVU. Kwenye akili kwa ujumla na kwenye mwendo hawakutofautiana. Botswana walipima watoto wa umri uleule, na wao wakakuta waliokutana na virusi tumboni wanafanya vizuri sawa na wenzao. Matokeo mawili yasiyofanana kutoka nchi mbili zinazopakana yananifanya niamini kwamba virusi peke yake si hadithi nzima.

Kwa nini virusi visivyoingia kwa mtoto vimguse? Mwili wa mama unaopambana na maambukizi hubaki kama umewashwa, hata dawa zikifanya kazi, na kemikali za mapambano hayo hufika kwenye kondo la nyuma wakati ubongo wa mtoto unajengwa. Kuna watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao au na uzito mdogo, jambo linalotokea zaidi kwa mama wenye VVU. Kuna virusi vingine vinavyosafiri kwenye basi hilohilo, na kimoja nitakitaja. Halafu kuna yale ya baada ya kuzaliwa: chakula nyumbani, mama aliyeelemewa na sonona kwa kubeba siri peke yake, mtoto anayeugua mara kwa mara.

Hapa Dar es Salaam tuna ushahidi wetu wenyewe, na nashangaa jinsi unavyotajwa mara chache. Mwaka 1995, kabla ya ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, kuwafikia watu wa kawaida, Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard walianza kuwapa wajawazito zaidi ya 1,000 wenye VVU wa jiji hili vitamini: wengine za kundi B pamoja na C na E, wengine vitamini A, wengine zote, wengine vidonge visivyo na kitu. Baadaye watoto zaidi ya 300 wakapimwa ukuaji wao wa akili na viungo wakiwa na miezi sita, 12 na 18. Wale ambao mama zao walipata B, C na E walikuwa mbele kidogo kwenye viungo, na wachache zaidi kati yao walichelewa. Vitamini A haikusaidia, na katika utafiti huohuo ilionekana kuongeza maambukizi kwa mtoto, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Nakupa kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba hata zama zile ngumu, chakula na virutubisho vya mama viliweza kubadilisha kitu kwa mtoto. Wewe leo una dawa juu ya hayo.

Kwa hiyo, mama, ukiniuliza msimamo wangu: kukutana na virusi tumboni ni sababu ya kumfuatilia mtoto kwa karibu zaidi ya wengine. Siikubali kama jibu la kufungia faili. Nimekwisha kuona watoto ambao kila walichochelewa kilielezwa kwa hali ya mama yao, "huyu ni mtoto wa CTC", na kumbe tatizo lilikuwa mahali pengine ambapo pangetibika.

Na kwa mwanao, mahali pa kwanza pa kuangalia ni masikio.

Umeniandikia kwamba anasikia vizuri, kwa sababu baiskeli ya aiskrimu ikipita na muziki wake anakimbilia mlangoni. Huo si ushahidi. Muziki ule ni mkali, una mdundo, na tena unakuja na harufu ya sherehe. Mtoto anaweza kuusikia huku herufi kama s, f na sh zikimpita kabisa. Mtoto wa namna hiyo husikia kwamba unaongea, lakini hasikii unachosema. Atageuka mlango ukibamizwa, atageuka sufuria ikianguka, na maneno yatabaki kwake kama redio iliyo chumba cha pili. Sikio lililotoa usaha mara mbili linanitia shaka zaidi. Usaha ukikauka nje, maji mazito yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki au miezi bila maumivu, na ngoma yenyewe inaweza kuwa imetoboka. Mafuta ya nazi acha kabisa, hata ya uvuguvugu. Kama ngoma ina tundu, unayapeleka ndani pamoja na vijidudu. Likitoa usaha tena, lifute kwa kitambaa safi kikavu kilichosokotwa, na mtoto apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Kuna na sababu nyingine ya kuyapima masikio, na hapo ndipo kile kirusi cha pili kinapoingia. Kinaitwa saitomegalo. Watu wazima wengi wamekwisha kukipata utotoni bila kujua. Kinakaa mwilini kimya, kisha kinaweza kuamka wakati wa ujauzito na kumfikia mtoto, na kwa mama wenye VVU hutokea zaidi. Ndicho kirusi kinachoongoza duniani kwa uziwi unaotokana na maambukizi ya tumboni, na ubaya wake ni kwamba usikivu unaweza kuwa mzuri siku ya kuzaliwa, ukafifia miezi au miaka baadaye. Kuthibitisha kwamba mtoto alikipata tumboni kunahitaji mate au mkojo ndani ya wiki tatu za mwanzo. Kwa mwanao dirisha hilo limeshafungwa, kwa hiyo usihangaike kutafuta maabara. Sikio lenyewe linapimika leo, chanzo chake kiwe chochote. Rubela nayo huharibu masikio, macho na moyo. Tangu 2014 chanjo ya surua hapa kwetu inatolewa pamoja na ya rubela. Angalia kwenye kadi yake kama amepata dozi zote mbili.

Anza kituo chako cha afya, uombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wakikosa kipimo kinachofaa mtoto wa umri huu, watakuelekeza Muhimbili. Kipo kipimo ambacho hakihitaji mtoto ajibu kitu: anabandikwa vifaa kichwani akiwa amelala, mashine inasoma jinsi ubongo unavyopokea sauti. Kwa hiyo siku hiyo mwamshe alfajiri, asilale kwenye daladala, ili asinzie pale. Ukifika, mwambie daktari peke yake, ndani ya chumba, kuhusu VVU na dawa. Anayeita majina mlangoni na waliokaa kwenye benchi hawahitaji kujua.

Kabla ya siku hiyo mwangalie nyumbani kwa mambo machache, uyaandike. Televisheni ikiwa imezimwa, simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya kawaida: anageuka? Mwambie "lete kiatu" bila kunyoosha mkono wala kukitazama kiatu: anaelewa? Anakuonyesha kitu kwa kidole, ndege juu, gari barabarani, kwa ajili ya kukushirikisha tu? Anakutazama usoni akitaka kitu? Mtoto anayeelewa, anayenyoosha kidole na anayecheza nawe, ila maneno tu ndiyo machache, yuko kwenye nafasi nzuri zaidi ya yule asiyefanya hayo. Kama haonyeshi kidole, hageuki kwa jina lake na masikio yamepimwa yakawa sawa, hapo tutazungumzia uchunguzi wa usonji na mengine. Tusitangulie. Kwa kawaida, akifika miaka miwili tunatarajia maneno kama 50 na viunganisho vya "mama njoo" au "maji nataka". Maneno chini ya kumi kwa miaka miwili na miezi minne ni kuchelewa kweli, na wanaokwambia "wavulana huchelewa, ngoja" wanakupotezea muda.

Omba pia apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma ni wa kawaida sana kwa watoto wetu wa umri huu, na unaugusa ubongo moja kwa moja: mtoto anapoa, hana hamu ya kuchunguza vitu. Nyumba nyingi za Mbagala ninazozijua humpa mtoto chai ya rangi na chapati asubuhi, kisha uji. Chai hiyo inazuia chuma kisinyonywe. Iondoe kwenye milo yake. Maini kidogo mara moja kwa wiki, dagaa waliosagwa kwenye uji au mchuzi, maharage na kamulio la limao au kipande cha chungwa. Hivyo vinapatikana soko lolote, na gharama yake ni ndogo kuliko tini za unga wa virutubisho unazotangaziwa kwenye simu.

Katuni. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora. Yeye unasema inawaka tangu asubuhi. Sikulaumu, unatoka saa kumi na mbili, unarudi jua limezama. Ila katuni inaongea bila kumsubiri ajibu, na mtoto hujifunza kuongea pale anaposubiriwa. Kaa na dada wa kazi, umweleze kazi yake mpya kwa heshima: akimwogesha ataje mkono, mguu, sabuni, akimenya kitunguu amwonyeshe, aseme "kitunguu", kisha anyamaze ahesabu moja hadi tano moyoni ampe mtoto nafasi. Asimlazimishe "sema! sema maji!". Mtoto akisema "maja", ajibiwe "ehee, maji, chukua maji". Nyimbo za kuchezea mikono ni bora kuliko katuni yoyote. Kama baba yake anaongea naye Kindengereko na wewe Kiswahili, endeleeni. Lugha mbili hazichelewishi mtoto.

Atatokea mtu wa kukushauri akatwe kimeo, au akatwe chini ya ulimi "ili ufunguke". Kataa, hata awe nani. Watoto hufika hospitali wakivuja damu au na maambukizi ya koo baada ya kazi hiyo, na kimeo hakihusiki na maneno.

Na wewe mwenyewe? Umeandika kwamba hulali na unajilaumu. Mwambie mtoa huduma wa CTC hivyohivyo, kwa maneno hayo. Sonona ya mama hupunguza mazungumzo ndani ya nyumba bila mtu kutambua, nayo hutibika. Kipimo chako cha kiwango cha virusi kirudiwe mapema katika mimba hii, usisubiri zamu ya kawaida. Chukua vidonge vya chuma na foliki. Na kama bado unatumia septrini, ile antibiotiki ya kinga wanayopewa wenye VVU, mkumbushe mkunga kabla hajakupa zile dawa za kuzuia malaria kwa wajawazito, maana hizo mbili haziendi pamoja.

Mtoto anayekuja apate dawa yake ya kinga kuanzia siku ya kwanza, apimwe akiwa na wiki nne hadi sita kama kaka yake, na safari hii kipimo cha baada ya kuacha ziwa ukiandike mwenyewe kwenye ukurasa wa mbele wa kadi siku unayomwachisha. Masikio yake uombe yapimwe mapema, na yarudiwe kabla hajatimiza mwaka hata kama mara ya kwanza yalikuwa mazuri.

Majibu ya kidole na ya masikio yakitoka, niandikie tena.